Kumfanya Mbwa wa Nyumbani Awe Mbwa Msaidizi Marekani: Cheti Hakipo, Kazi Ipo

Nianze na pesa niliyoitupa. Mbwa wangu Bosco alipotimiza mwaka, nililipa dola 79 kwenye tovuti moja, nikajaza jina langu na lake, nikapandisha picha yake akiwa ameketi kwenye zulia. Baada ya siku sita bahasha ikafika: kadi ya plastiki yenye sura yake, cheti chenye muhuri wa dhahabu wa kubandika, na kizibao chekundu. Hakuna aliyeniuliza mbwa huyu anajua kazi gani, wala mimi naumwa nini. Nikamvisha kizibao, nikaenda naye supamaketi. Hatujafika hata kwenye mboga, akawa ameshaweka miguu ya mbele juu ya kaunta ya kuku wa kuchoma. Meneja akatutoa nje, na haki ilikuwa yake.

Leo Bosco anaingia dukani, kliniki na kwenye ndege, na ile kadi sijui hata iko droo gani. Kilichobadilika ni miezi kumi na minne ya mazoezi. Kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Minnesota haipiti wiki mtu hajauliza, "Jamani, cheti cha mbwa kinapatikana wapi?" Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Nazungumzia Marekani tu, maana ndiko ninakoishi. Aliye Uingereza au Ujerumani ana sheria zake.

## Cheti hakipo

Sheria ya watu wenye ulemavu hapa, ADA ya mwaka 1990, haina daftari la taifa la mbwa wasaidizi. Serikali kuu haitoi cheti, haitoi kitambulisho, na haidai kizibao. Tovuti zinazojiita daftari rasmi ni biashara za watu, na Wizara ya Sheria imesema waziwazi kwamba karatasi zao hazimpi mtu haki yoyote. Baadhi ya miji ina daftari la hiari la mbwa wasaidizi, kwa mfano ili wazimamoto wajue nyumba ipi ina mbwa wa aina hiyo. Hiari ni hiari, hawawezi kukulazimisha.

Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011 zinamwelezea mbwa msaidizi hivi: ni mbwa aliyefundishwa kazi mahususi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, uwe wa mwili, wa macho au masikio, wa akili au wa afya ya akili. Paka hayumo, kasuku hayumo. (Farasi wadogo wana kifungu chao. Nilicheka niliposoma, lakini kipo.) Aina ya mbwa haijalishi, hata koko anafaa. Na mwenye mbwa anaruhusiwa kumfundisha mwenyewe, bila shule na bila mkufunzi wa kulipwa.

Watu huchanganya mbwa wa namna tatu. Mbwa msaidizi ana kazi aliyofundishwa, na anaingia karibu kila mahali umma unapoingia. Mbwa wa faraja anakutuliza kwa kuwepo kwake tu. Huyo ana nafasi kwenye sheria ya nyumba tu; mgahawani hana chake. Mbwa wa tiba ni yule anayepelekwa kuwatembelea wagonjwa hospitalini au watoto shuleni, kwa mwaliko wa wenye mahali. Ukijua wako yuko wapi kati ya hao watatu, umeshajiepusha na nusu ya ugomvi.

## Hatua ya 1: Je, wewe unahusika?

Kwetu ukisema mlemavu, mtu anaangalia miguu. Sheria ya hapa inaangalia mbali zaidi: hali yoyote ya mwili au akili inayobana kwa kiasi kikubwa jambo kubwa la maisha, kama kuona, kutembea, kulala, kufikiri, au hata namna viungo vya ndani vinavyofanya kazi. Marekebisho ya mwaka 2008 yalipanua mlango huo. Mimi natembea vizuri, nabeba wagonjwa zamu nzima ya usiku kwenye nyumba ya wazee, lakini nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na tano kule Tanga. Kisukari kimo. Kifafa kimo. Uziwi umo, na msongo wa mawazo unaowabaki watu waliopita vitani au kambini umo pia, hata kama kwenye vikao vyetu hatuuzungumzii.

Mweleze daktari wako mpango wako mapema. Mlangoni dukani hakuna atakayekuwa na haki ya kuona barua yake, lakini kwenye nyumba na kazini utaihitaji.

Kisha jiulize swali gumu zaidi: mbwa atanifanyia nini hasa? Andika kwa sentensi moja yenye kitenzi. "Ananigusa paja kwa pua sukari ikishuka." "Ananiletea simu nikianguka." "Ananiamsha kengele ya moshi ikilia." "Ananilalia miguuni kwa uzito wake nikianza kutetemeka, mpaka nitulie." Ukijikuta unaandika "ananipenda" au "nikiwa naye najisikia vizuri", basi wako ni mbwa wa faraja. Si vibaya, ila njia yake ni nyingine, na nimeigusa kwenye sehemu ya nyumba.

Neno moja kwa wasioona: mbwa wa kuongoza njia usijaribu kumtengeneza jikoni kwako. Sheria haikuzuii, barabara ndiyo itakuzuia. The Seeing Eye, shule iliyoanzishwa mwaka 1929 na sasa iko Morristown, New Jersey, imekuwa ikimtoza mwanafunzi dola 150 kwa mbwa wa kwanza, na humo mna mafunzo na malazi. Canine Companions ya California, ya tangu 1975, hutoa mbwa bure kwa ulemavu wa namna nyingine. Foleni ni ndefu, lakini jaza fomu hata kama unaendelea na mbwa wako.

## Hatua ya 2: Je, mbwa anafaa?

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mbwa mzuri wa nyumbani si lazima awe mbwa mzuri wa kazi. Hata shule zinazozalisha mbwa wao wenyewe, vizazi na vizazi, huwaondoa wengi kabla ya mwisho. Kwa hiyo mbwa wako akishindwa, hujakosea malezi. Atabaki mbwa wa nyumbani, na maisha yake yataendelea vizuri tu.

Mkufunzi niliyemlipa kwa saa moja alitupima hivi. Alidondosha kifuniko cha sufuria nyuma ya Bosco kwenye sakafu ya saruji. Bosco akaruka, akageuka, kisha akaenda kukinusa kile kifuniko. "Hicho ndicho ninachokitafuta," akasema. Kushtuka si tatizo. Tatizo ni mbwa anayeshtuka asirudi, anayejificha chini ya gari dakika kumi nzima. Akatupitisha karibu na toroli za supamaketi, mtoto anayelia, mtu mwenye mkongojo, mbwa mwingine ng'ambo ya barabara. Alitazama mkia, masikio, na kama Bosco anaweza kula kitonge cha nyama katikati ya fujo. Mbwa aliyejaa hofu hagusi chakula.

Mbwa aliyewahi kumng'ata mtu kwa hasira, muache. Mbwa wa miaka tisa pia muache apumzike. Umri mzuri wa kuanza kazi yenyewe ni kama mwaka mmoja na nusu, mwili ukiwa umekomaa. Adabu zinaanza utotoni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe nyonga, macho na moyo kabla hujamwaga pesa. Kwa mbwa wa kuvuta kiti cha magurudumu au kumshikilia mtu anayeyumba, kipimo cha nyonga ni lazima, maana utamvunja.

Makaratasi ya kweli ni machache: chanjo ya kichaa cha mbwa, leseni ya mbwa ya mji wako kama mji unaitaka kwa mbwa wote, na chipu chini ya ngozi. Weka nakala kwenye simu. Mbwa msaidizi hasamehewi chanjo wala leseni.

## Hatua ya 3: Adabu kabla ya kazi

Chama cha mbwa cha Marekani, AKC, kina mtihani uitwao Canine Good Citizen, wa tangu mwaka 1989, na machotara wanaruhusiwa. Haukupi haki yoyote ya kisheria, lakini ni kipimo kizuri, na ndiyo karatasi pekee niliyoifurahia. Una vipengele kumi: kumkubali mgeni anayekusalimu, kukaa akishikwashikwa, kukaguliwa masikio na miguu, kutembea kamba ikiwa imelegea, kupita kwenye watu, kukaa na kulala kwa amri na kubaki hapo, kuja akiitwa, kukutana na mbwa mwingine bila vurugu, kuvumilia kelele, na kubaki na mtu mwingine dakika tatu wewe ukiwa umejificha.

Hicho cha mwisho kilitutesa. Bosco alilia kama mtoto aliyeachwa stendi. Tulianza na sekunde tano nyuma ya mlango wa choo, kisha kumi, na ilituchukua wiki saba kufika dakika tatu.

Ongeza mambo mawili ambayo mtihani huo hauyagusi. La kwanza ni kulala chini ya meza saa nzima bila kunusa chakula. Nilimzoesha wakati wa kula ugali na samaki nyumbani. Mbwa anayeweza kulala kando ya sahani ya samaki wa kukaanga hatishwi na mgahawa wowote. La pili ni kwenda haja kwa amri. Chagua neno, litaje kila anapoanza, mpe zawadi anapomaliza. Sisi tunasema "haya twende". Kule kwenye theluji ya Januari utalishukuru neno hilo, na kwenye uwanja wa ndege zaidi.

Mazoezi yawe mafupi. Dakika tano mara nne kwa siku zinashinda saa moja ya kukasirikiana. Na usimpige. Simsemei kwa upole wa kizungu. Mbwa anayekuogopa hatakuja kukugusa paja usiku wa manane kukwambia una shida.

## Hatua ya 4: Kazi yenyewe

Nitaeleza ya kwangu kwa kirefu kwa sababu ndiyo ninayoijua, na njia ni ileile kwa kazi nyingine: vunja kazi vipande vidogo, fundisha kipande kimoja, kisha viunganishe.

Sukari ya mtu ikishuka, harufu ya pumzi na jasho hubadilika, na mbwa wengine huweza kufundishwa kuitambua. Kila sukari yangu iliposhuka chini ya 70 (kwa kipimo cha hapa, mg/dL), jambo la kwanza lilikuwa kujitibu: gramu 15 za sukari ya haraka, kama juisi, kusubiri dakika 15, kupima tena. Ila kabla ya kunywa hiyo juisi, kama hali iliruhusu, nilipangusa ndani ya shavu kwa kipande cha pamba, nikakitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki wa kufungika, nikaandika namba na tarehe, nikauweka kwenye friza. Sukari ikiwa sawa, kati ya 90 na 140, nilichukua pamba nyingine vilevile. Usisahau hizi za pili. Bila hizo mbwa atajifunza harufu ya pamba, au ya mdomo wako tu.

Nilipopata pamba ishirini za sukari ya chini, tukaanza. Siku za mwanzo: pamba ndani ya kikopo cha bati chenye matundu, Bosco ananusa, palepale anapata kipande cha maini yaliyochemshwa. Hakuna amri yoyote, ananusa na anakula. Baada ya wiki, vikopo vitatu kwenye sakafu, kimoja chenye harufu, kingine chenye pamba ya sukari nzuri, cha tatu kitupu. Shika kwa glavu na ubadilishe nafasi zao, la sivyo atafuata mkono wako. Akichagua sahihi mara tisa kwa kumi, siku tatu mfululizo, songa mbele. Akikosea usiseme kitu, anza upya.

Pembeni, kwenye mazoezi ya peke yake, nilimfundisha kugusa paja langu kwa pua mara mbili kwa nguvu. Kisha tukaunganisha: ananusa, ananigusa, anakula. Baadaye nikaficha kikopo kwenye mfuko wa dera, sebuleni, nikiwa naangalia televisheni. Nakumbuka jioni aliyonigusa bila kikopo. Nikamwambia "Toka bwana, leo hatufanyi mazoezi." Akarudi, akanigusa tena, akaanza kubweka, na yeye si mbwekaji. Nikapima: 61, inashuka. Nikanywa juisi, nikampa maini yote yaliyokuwa kwenye friji.

Sasa neno la kumweka mtu sawa. Mbwa hawa hukosea. Wengine huwahi, wengine huchelewa, wengine hubahatisha kwa sababu wanataka maini. Mimi nina sensa, yaani kifaa cha kupima sukari, iliyobandikwa mkononi usiku na mchana, na sitaivua kwa sababu ya Bosco. Weka daftari: saa, sukari, aligusa au hakugusa. Baada ya miezi mitatu daftari litakwambia ukweli kuliko mapenzi yako.

## Hatua ya 5: Kumtoa hadharani

Hapa pana mtego. ADA inamlinda mbwa aliyekwisha kufunzwa, si anayefundishwa. Haki ya mbwa mwanafunzi kuingia dukani inategemea sheria ya jimbo, na majimbo yanatofautiana sana: mengine yanaruhusu mkufunzi yeyote, mengine wale wa shule tu. Soma ya jimbo lako. Wakati huohuo zoeza sehemu zinazoruhusu mbwa wote: maduka ya vyakula vya mifugo, maduka mengi ya vifaa vya ujenzi (uliza kwanza), masoko ya wazi, stendi za mabasi kwa nje.

Kiasi gani kinatosha? Sheria haisemi. Chama cha watu wanaotumia mbwa wasaidizi, IAADP, kimekuwa kikipendekeza angalau saa 120 za mafunzo ndani ya miezi sita au zaidi, zikiwemo saa 30 za hadharani. Mimi nilichukua kuwa ndio mwanzo, si mwisho. Muungano wa shule za mbwa hao, Assistance Dogs International, una mtihani wa kuingia hadharani ambao unaweza kuutumia kujipima: kushuka kwenye gari bila kukurupuka, kupita mlango, kutembea kati ya rafu, kulala chini mtoto akipita, kutojali chakula kilichoanguka sakafuni. Tafuta mkufunzi akupime, umlipe, akuandikie matokeo. Karatasi hiyo haina nguvu ya kisheria, lakini jicho la mtu asiyempenda mbwa wako lina thamani yake.

## Mlangoni: maswali mawili

Mfanyakazi wa duka au mgahawa, kama kazi ya mbwa haionekani kwa macho, anaruhusiwa kuuliza mambo mawili tu. Je, huyu ni mbwa msaidizi anayehitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza unaumwa nini, kudai cheti, wala kutaka mbwa aonyeshe kazi yake papo hapo. Haruhusiwi kukutoza ada ya mbwa. Mbwa akivunja kitu, utalipa kama mteja mwingine yeyote angelipa.

Andaa jibu lako nyumbani, kwa Kiingereza, mpaka litoke bila kigugumizi. Langu: ni mbwa msaidizi, amefundishwa kunitahadharisha kabla ya dharura ya kiafya. Limekwisha. Ukianza kueleza habari za kongosho na insulini mlangoni, umeshaalika mjadala.

Wao wana haki zao. Mbwa akishindikana na wewe huchukui hatua, au akienda haja ndani, wanaweza kumtoa. Wewe unabaki na haki ya kuhudumiwa bila yeye. Mbwa awe na kamba, isipokuwa kamba inazuia kazi au ulemavu wako hauruhusu, na hapo lazima akutii kwa sauti. Haketi kwenye kiti, halishwi mezani, haingii ndani ya maji ya bwawa. Hospitalini ataingia wodi za kawaida, chumba cha upasuaji hapana.

Ukinyimwa isivyo halali, usipige kelele. Andika tarehe, saa na alichosema mtu huyo, omba kuzungumza na meneja, na ikishindikana peleka malalamiko Wizara ya Sheria. Namba ya bure ya maelezo ya ADA ni 800-514-0301.

Wengi wetu ndio madereva wa magari ya kuitwa, kwa hiyo nisiseme upande mmoja. Niliwahi kuita gari, akaja kaka wa Kiislamu kama mimi, akashusha kioo: "Dada, samahani, mbwa haingii, gari naswalia humu." Nikamwambia, "Kaka, nakuelewa, mimi ni mtu wa Tanga. Lakini huyu ni wa ugonjwa, na ukimkataa wewe ndiye utakayefungiwa akaunti." Woga, mzio na dini havikubaliki kama sababu ya kumkataa mbwa msaidizi, Uber imeandika hivyo kwenye sera yake kwa madereva. Sasa natembea na shuka kuukuu kwenye begi, nalitandika chini kabla Bosco hajaingia. Hakuna sheria inayonidai shuka, ila limenipunguzia maneno.

Na kwa kuwa nimeligusa: msikiti na kanisa hazibanwi na ADA kwenye jambo hili, kwa hiyo usiende na mbwa ukitaja sheria. Nyumbani, Bosco haingii chumba ninachoswalia, na nguo zangu za swala zina kabati lake. Bakuli alilolamba ni lake peke yake, habari ya kuosha mara saba haifiki. Ukimuuliza shekhe, usianze na "nafuga mbwa". Mweleze kwanza mbwa anafanya kazi gani, maana mbwa wa kuwinda na wa kulinda vitabu vinawajua toka zamani.

## Nyumba, kazi na ndege

Hii ni milango mitatu yenye funguo tatu tofauti, na ndipo wale wauza vyeti wanapowanasa watu.

Kwenye nyumba kuna sheria ya Fair Housing. Mwenye nyumba anayesema hataki wanyama anatakiwa kumkubali mbwa msaidizi, na wa faraja pia, bila ada ya mnyama wala dipoziti ya ziada, kama ulemavu wako unamhitaji. Ulemavu usipoonekana, anaweza kudai uthibitisho wa kuaminika. Barua ya mtaalamu anayekutibu kweli ndiyo inayofaa. Ya dakika tano mtandaoni humtia mtu mashaka. California kwa mfano, tangu 2022, mtaalamu lazima awe amekuhudumia angalau siku 30 kabla ya kuandika barua ya mbwa wa faraja. Omba kwa maandishi, kabla hujamhamishia mbwa, na utunze nakala.

Kazini, mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi anatakiwa kukaa nawe mtafute njia, lakini si haki ya kuingia tu na mbwa Jumatatu asubuhi. Anaweza kuomba karatasi za daktari. Mimi Bosco haendi wodini kwa sababu mgonjwa mmoja ana mzio mkali. Tulikubaliana nipewe dakika za kupima sukari.

Kwenye ndege, tangu 11 Januari 2021 mashirika yanalazimika kumtambua mbwa msaidizi tu, wa afya ya akili akiwemo. Mbwa wa faraja hulipiwa kama mnyama mwingine. Shirika linaweza kukudai fomu ya Wizara ya Uchukuzi inayothibitisha afya, tabia na mafunzo, hadi saa 48 kabla ya safari, na kwa safari ya saa nane au zaidi fomu ya pili kuhusu namna mbwa atakavyokwenda haja. Fomu hizo unajaza na kusaini mwenyewe. Ukiandika uongo, umeidanganya serikali kuu, na hilo ni kosa la jinai. Mbwa anakaa miguuni pako, bila kuziba njia.

Udanganyifu una adhabu pia kwenye majimbo. California ni hadi miezi sita jela, au faini ya hadi dola 1,000, au vyote viwili. Hapa Minnesota kosa la mara ya kwanza ni faini ya hadi dola 100, linalofuata ni zito zaidi. Kwa mtu ambaye bado ana kesi ya uhamiaji, usijiandikie kosa kwa ajili ya kizibao.

## Ukitaka kwenda naye nyumbani

ADA haivuki bahari. Sheria ya ndege inakufuata kwenye safari inayotoka au kuingia Marekani. Kipande cha kutoka Ulaya kwenda Dar es Salaam au Nairobi kwa tiketi nyingine unakubaliana na shirika lenyewe. Kule utahitaji kibali cha kuingiza mnyama, chanjo na hati ya afya, na dereva wa daladala hatakuuliza maswali mawili, atakuuliza moja, nalo halina adabu.

Kurudi ndiko kunakowaumiza watu. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Kwa kanuni zilizoanza 1 Agosti 2024, mbwa awe na miezi sita au zaidi, awe na chipu iliyowekwa kabla ya chanjo, uwe umejaza fomu ya CDC ya kuingiza mbwa, na uwe na hati ya kuthibitisha kwamba alichanjwa Marekani. Hati hiyo hujazwa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa na USDA, yaani Wizara ya Kilimo, na kupigwa muhuri na USDA wenyewe kabla mbwa hajatoka nchini. Ukiikumbuka ukiwa tayari Tanga, umechelewa. Mimi huanza kuifuatilia wiki sita kabla ya tiketi, na mwaka huu nimeamua Bosco abaki kwa jirani, niende na sensa na mfuko wa peremende.